Maji hayakamuliwi

Idi pili iliyopita, jioni ya saa kumi na moja kasoro, bodaboda iliingia mpaka kwenye mlango wa chumba chetu cha dharura hapa Mtwara. Nyuma amekaa kijana, na mapajani kwake amemlaza mtoto wa kiume wa miaka tisa hivi aliyezama baharini, kifudifudi, kichwa kinaning'inia huku, miguu huku, kama furushi la mihogo. Kabla sijauliza kitu, kijana akaniambia kwa fahari:

"Dokta, usiwe na wasiwasi, maji tumemkamua yote. Nimemkamua kutoka Shangani mpaka hapa."

"Anapumua?"

"Hilo sasa mtaangalia nyinyi."

Nina miaka 14 kwenye kazi hii na sentensi hiyo nimeisikia kwa kila namna. Tumemkamua. Tumemning'iniza miguu juu. Tumemzungusha. Tumemkalia tumbo. Mara moja moja tu ndiyo nasikia: tumempulizia. Kwa hiyo leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mtanisamehe.

Mtoto yule yu hai, na balaa lenyewe ndilo hilo. Alitolewa majini kabla pumzi haijakata, akawa anapumua vibaya muda wote alipokuwa anakamuliwa. Oksijeni kwenye damu asilimia 84, mapafu yanabubujika, shati limejaa pilau. Alilala wodini siku tano na nimonia. Je, nimonia ililetwa na bahari au na pilau lililopanda likaingia mapafuni alipobinywa tumbo? Siwezi kuapa. Ila nina ninachokishuku. Lakini mtaani habari imeshakamilika: alikamuliwa, akapona.

Sikilizeni. Maji mnayoyaona yakitoka mkimbinya mtu tumbo yametoka tumboni. Ameyameza. Hayakuwa yakimuua. Maji yaliyoingia mapafuni kwa kawaida ni machache kuliko mnavyodhani, na mapafu si dumu useme utaligeuza limwagike. Yameshasambaa kwenye vifuko vidogo vya hewa, mengine yameshaingia kwenye damu, na yameharibu ule utando laini unaovizuia vifuko visinywee na kushikana. Hata umning'inize mtu juu ya mnazi, huo utando haurudi. Kinachomuua ni kukosa oksijeni, na ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6. Dakika tatu za kukamua ndizo dakika zake.

Na lile povu jeupe mdomoni? Watu wanalifuta kwa kanga, linarudi, wanalifuta. Liacheni. Pulizia juu ya povu hilo hilo.

Wala msidhani ujinga huu ni wa Kusini peke yake. Mwaka 1767 Amsterdam walianzisha chama cha kuokoa waliozama, na mbinu za zama zile zilikuwa kumbiringisha mtu juu ya pipa, na (shikeni viti) kumpuliza moshi wa tumbaku makalioni. Nao walikuwa wasomi. Hata Heimlich, yule daktari wa Marekani wa kubinya tumbo la aliyepaliwa, alishikilia kwamba mbinu yake iwe ya kwanza kwa aliyezama. Mwaka 1994 jopo la wataalamu wa hukohuko kwao likaikataa. Kwa aliyepaliwa na mnofu, binya. Kwa aliyezama, ondoa mkono tumboni.

Kinachotakiwa kwa asiyepumua ni hiki. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, bana pua, pulizia hewa mdomoni mwake mara tano mpaka uone kifua kinapanda. Hajarudi, bana kifua katikati mara 30, sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, pulizia mbili, endelea. Ulaya wanaanza na pumzi tano, Marekani wanaanza na mbili. Mimi nafundisha tano kwa sababu huyu amekosa hewa, si mgonjwa wa moyo; lakini ukisahau ukapulizia mbili sitakuja kukugombeza. Mwingine apige 114, Zimamoto na Uokoaji. Akitapika, mgeuze ubavu, safisha, rudi kazini.

Kuna jambo moja linatudanganya hata sisi. Anayekata roho huvuta pumzi moja ya mkoromo, ananyamaza, kisha nyingine. Watu wanashangilia: "Anapumua!" Hapumui huyo. Anza.

Na uendelee mpaka lini, ukiwa mbali ufukweni Msimbati, mko wawili, mmechoka, gari halionekani? Vitabu vinasema mpaka msaada ufike. Hapo vitabu vinanichosha. Nimewahi kubana kifua cha binti mmoja kwa dakika 40, mikono ikawa inatetemeka, nikaacha, na mpaka leo sijui kama niliacha mapema. Sina jibu la kuwapa.

Sasa kuhusu kuzama kwenyewe. Tunasema mfa maji haachi kutapatapa. Msemo mzuri kwa wanasiasa, mbaya kwa ufukweni. Anayezama kweli mara nyingi yuko kimya, maana sauti inahitaji pumzi na pumzi hana. Mdomo uko usawa wa maji, unazama na kuibuka, mikono inasukuma maji chini kama anayepanda ngazi. Mama amekaa mita kumi anakuna nazi, anadhani mtoto anacheza. Chini ya dakika moja, kwisha. Na wewe usiyejua kuogelea, usirukie. Rusha dumu tupu lililofungwa kifuniko. Mwaka mmoja nilipokea kaka wawili, mmoja alikuwa amemfuata mwenzake.

Jambo la pili, bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Idi el-Fitri hufuata mwezi, na mwezi ukiandama maji huwa bamvua. Wavuvi wa Mikindani wanalijua hili tangu wakiwa wadogo. Wageni wetu wa Masasi na Newala wanaokuja na Hiace za kukodi hawalijui. Wanafika saa tano baada ya swala na chai, bahari imekupwa mbali, mchanga mweupe, watoto wanatembea kwa miguu mpaka kwenye fungu la mchanga. Saa nane maji yanarudi, tena yanaanza kwa kujaza mkondo ulioko nyuma yao, kati ya fungu na pwani. Saa kumi yamejaa. Tofauti ya kupwa na kujaa siku hizo inapita mita 3, hiyo ni nyumba nzima na bati lake. Mtoto wa saa tano alivuka maji ya kifundo. Wa saa tisa anarudi kwenye maji ya kichwa. Idi ya kuchinja huangukia siku ya kumi ya mwezi, maji ndiyo kwanza yanatoka kwenye mafu, siku za kujaa na kupwa kidogo, yana huruma kidogo. Krismasi haifuati mwezi, kwa hiyo tazama juu usiku wa mkesha.

Mengine nayapitia haraka kwa kuwa mnayajua na mnayafanya makusudi: mishikaki ya watu watatu kwenye pikipiki bila kofia, kunywa pombe za uraka na nipa kisha kuoga baharini, kupanda mtumbwi uliojaa kwa sababu foleni ya kivuko cha Msangamkuu ni ndefu. Aliyezinduka asipelekwe nyumbani kula biriani. Aje hospitali tumtazame saa sita hadi nane, mapafu huweza kugeuka usiku.

Yule kijana wa bodaboda alirudi siku ya tatu na machungwa ya mgonjwa. Nikamweka chini, nikamletea mto wa wodini, nikamwonyesha. Anabana vizuri kuliko wanafunzi wangu, mikono imenyooka, anahesabu kwa sauti mpaka wagonjwa wanacheka. Alipofika 30 akapulizia mto mara mbili, akainua kichwa, jasho linamtoka.

"Sawa dokta. Na maji tunayakamua saa ngapi?"

Nikamwambia abane tena, aanze moja.