Mlango wa nakshi haupigwi grenda

Nimeombwa tena niupige grenda mlango wa nakshi hapa Mji Mkongwe, ili rangi ya mafuta itoke yote na mti ubaki mweupe "kama ulivyokuwa zamani". Jamani, mlango huu ni wa msaji, na msaji haujawahi kuwa mweupe. Na grenda haitoi rangi peke yake, inakula nakshi.

Tazameni ua la kwenye mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango. Kina chake ni kidogo, na uzuri wake wote uko kwenye kingo, pale patasi ilipozama ikaacha ukingo mkali unaotupa kivuli. Msasa wa grenda hugusa kilichoinuka, yaani kingo hizo hizo, wala haufiki bondeni ambako rangi imelala nene. Ukimaliza, rangi ingalipo na ua limekuwa uvimbe. Hakuna fundi wa kulirudisha, maana kulichonga upya ni kuchimba zaidi mti wa watu. Brashi ya waya ni hivyo hivyo, tena inaacha vipande vya chuma ndani ya nyuzi. Kwa hewa yetu ya bahari vinashika kutu, na mti wenye tanini, kemikali yake ya asili, hutoka madoa meusi.

Halafu kuna wanaotumia kostiki soda. Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linafanya kazi mbele ya macho. Rangi inavimba, inateleza, mwenye nyumba anafurahi. Lakini kostiki haijui rangi inaishia wapi na mti unaanzia wapi. Inalainisha nyuzi zenyewe, inazisimamisha, inautia mti weusi, na inazama kwenye viungo vya ndimi na vigingi. Mtasema mnaosha kwa maji na siki. Sawa, usoni inaosheka, ila iliyozama kwenye kiungo hamuifikii. Chumvi inayobaki huvuta unyevu, na vanishi mpya ikipakwa juu yake inabanduka mapema. Hapo fundi wa vanishi ndiye anayelaumiwa.

Moto wa gesi usiguse mlango. Rangi nyingi za mafuta za zamani zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na joto kali huitoa kama moshi unaovutwa. Vumbi la msasa mkavu ni hatari vile vile, hasa kwa watoto wanaochezea barazani.

Mimi natumia dawa nzito ya kutolea rangi isiyo na kostiki. Naijaribu kwanza pembeni, naipaka nene, naifunika kwa nailoni isikauke, kisha naiacha. Watu hawana subira hapa tu. Rangi ikilainika naitoa kwa vijiti vya mwanzi nilivyovichonga kufuata mabonde ya nakshi, halafu mswaki na tapentaini. Glavu, na mlango uwe penye upepo. Dawa zenye methilini kloridi siziingizi kazini. Zimeua watu ndani ya vyumba vilivyofungwa, na tangu 2019 Marekani imepiga marufuku kuwauzia wananchi wa kawaida.

Ninapokwama ni kujua pa kusimama. Milango ya mtindo wa Siyu, kule kisiwa cha Pate, ilipakwa nyekundu, nyeusi na nyeupe kwenye michoro yake, na rangi hiyo ni sehemu ya mlango. Sasa nikifika chini ya tabaka nikakuta wekundu kwenye mabonde, je, ni rangi ya mchongaji au ni ya mpangaji aliyekuja baadaye? Mara nyingi jicho halitoshi kuamua. Wenye nyumba wanataka mti mtupu, nami naona mashaka yakiwepo, rangi ibaki. Tumeshabishana sana juu ya hilo, na kazi nyingine nimeziacha.

Hata pale tunapokubaliana kutoa yote, upande wa ndani chini ya fremu naacha kipande cha upana wa kiganja na tabaka zake zote, ili fundi atakayekuja na vipimo bora kuliko jicho langu apate cha kupima.