Kuku Watano Nyuma ya Nyumba: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Swali la kwanza nililoulizwa na jirani hapa Kahawa West lilikuwa: “Utapataje mayai na huna jogoo?” Wengi wanaamini hivyo, lakini mtetea hutaga bila jogoo. Jogoo unamhitaji ukitaka vifaranga tu. Katika mitaa yetu, ambako ukuta wako ndio ukuta wa jirani, afadhali kukaa bila mwikaji wa saa kumi alfajiri.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba kuku wa kienyeji hawaugui, na hata wakiugua, maji ya shubiri na pilipili yatawaponya. Kideri (ugonjwa wa Newcastle) huletwa na virusi na hakina tiba, iwe shubiri au antibiotiki. Nimeona banda likibaki tupu kwa siku chache: kuku wanazubaa, wanaharisha kijani, shingo zinapinda, kisha wanakufa mmoja baada ya mwingine. Kinga ni chanjo, na inatengenezwa hapa hapa Kenya na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo. Ile ya kunywesha usiichanganye na maji ya mfereji, maana klorini huiharibu. Tumia maji safi ya mvua, na wayamalize ndani ya saa mbili hivi. Kichupa kimoja mara nyingi kina dozi 100, kwa hiyo sisi wafugaji wanne wa korti moja hununua kimoja na kuchanja siku moja.

Eti kuku wanatosheka na ugali uliobaki. Watashiba, ndiyo, ila mayai yatapungua, kwa sababu yai hujengwa kwa protini na kalisi. Wape chakula cha leya, yaani cha kuku wanaotaga. Vifaranga usiwape hicho. Kalisi yake nyingi huharibu figo zao. Na kiini cha njano iliyokolea si cha kienyeji pekee: hutokana na sukuma wiki na majani mengine, hata kwa kuku wa gredi (wa kisasa).

Harufu je? Kinachonuka ni maranda yaliyotandikwa bandani yakilowa. Mimi huyageuza kila Jumamosi, na chombo cha maji nimekiinua juu ya matofali wasikipindue. Juni na Julai, baridi ikibana, wengi huziba banda lote kwa nailoni. Hapo amonia hujikusanya ndani na kuku huanza kukohoa. Ziba sehemu ya chini, upande unakotoka upepo. Kule juu, karibu na mabati, pabaki wazi.