Dola, kadi na M-Pesa safarini: yanayosemwa Nairobi na ukweli wake

Ukishatangaza safari Nairobi, kila mtu ana la kukushauri kuhusu pesa: jirani, ajenti wa tiketi, shemeji aliyewahi kufika Dubai. Nia ni njema, lakini baadhi ya ushauri huo humla msafiri maelfu ya shilingi, naye asijue zimepotelea wapi.

"Duka hili la forex halitozi komisheni, kwa hiyo ndilo nafuu."

Duka la kubadilisha fedha halihitaji komisheni ili lipate faida. Faida imo kwenye tofauti ya bei mbili zilizo ubaoni: bei ambayo duka linanunua dola, na bei ambayo linauza. Wewe unayeondoka unahusika na ile ya kuuza, ambayo ndiyo ya juu. Tuseme duka moja linauza dola kwa shilingi 131.50 bila komisheni, na jingine kwa shilingi 130 pamoja na komisheni ya shilingi 300. Kwa dola 1,000, la kwanza litachukua 131,500 na la pili 130,300. Basi uliza jambo moja tu: "Nikitaka dola elfu moja mkononi, nitatoa shilingi ngapi kwa jumla?"

Kiwango cha Benki Kuu kinachosomwa kwenye habari ni wastani wa soko. Kitumie kupima kama bei uliyopewa ni ya haki, lakini usitarajie kuuziwa kwa bei hiyo. Ulizia maduka mawili matatu katikati ya jiji au Westlands kabla ya kuamua. Kule uwanja wa ndege wa JKIA ushindani ni mdogo, hivyo badilisha huko pesa za dharura tu. Popote uendapo, angalia kama leseni ya Benki Kuu imetundikwa, hesabu noti kabla ya kuondoka dirishani, na udai risiti.

"Dola ni dola."

Kisheria ni kweli: Marekani haijafuta noti zake za zamani. Dirishani mambo ni mengine. Kote Afrika Mashariki, noti za matoleo ya kabla ya 2006 mara nyingi hukataliwa au kununuliwa kwa bei ya chini, na noti ndogo za dola 1, 5, 10 na 20 hupewa bei duni kuliko za 50 na 100. Kwa hiyo unaponunua, dai noti mpya zisizo na mchano, muhuri wala maandishi ya kalamu. Noti ya dola 100 yenye utepe wa buluu ilianza kutolewa Oktoba 2013, na ndiyo isiyo na ubishi.

Ukipewa paundi na ndugu aliyekaa Uingereza, zikague pia. Noti za karatasi za paundi 20 na 50 zilikoma kuwa fedha halali tarehe 30 Septemba 2022. Dukani hazipokelewi, ingawa Benki Kuu ya Uingereza bado huzibadilisha.

"Mashine ikiniuliza, nichague shilingi za Kenya ili nijue ninachokatwa."

Hili ndilo kosa linalokula pesa nyingi zaidi, kwa sababu linaonekana kama busara. Uko dukani London, bili ni paundi 100. Umeingiza kadi, na kioo kinakuonyesha chaguo mbili: paundi 100, au kiasi fulani cha shilingi. Ukigusa shilingi, kampuni inayoendesha mashine ile ndiyo inayobadilisha fedha, kwa kiwango ilichojipangia na faida yake ikiwa ndani. Na benki yako inaweza bado kutoza ada ya muamala wa nje, maana malipo yametoka nje ya Kenya. Chagua fedha ya nchi uliyopo, kila mara.

Kwenye ATM mtego umefichwa vizuri zaidi. Kioo kinakuuliza kama unakubali kiwango cha ubadilishaji au unakikataa, na watu huogopa kukataa wakidhani pesa hazitatoka. Zitatoka. Unachokataa ni kiwango cha mashine. Ubadilishaji utafanywa na mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, na benki yako. Kama mhudumu amekuchagulia shilingi bila kukuuliza, mwambie afute muamala na aanze upya kabla hujaweka PIN. Una haki ya kuchagua.

Kwa kuwa ATM nyingi hutoza ada kwa kila muamala, toa kiasi kikubwa mara chache.

"Kadi ya debiti inatosha kwa kila kitu."

Kwa kununua vitu, sawa. Tatizo ni hoteli na magari ya kukodi, ambako wenyewe huzuia kiasi fulani cha pesa kwenye kadi kama dhamana. Kwa kadi ya krediti kinachozuiwa ni sehemu ya mkopo wako. Kwa debiti ni pesa zako halisi, na huenda zikakaa siku kadhaa baada ya kuondoka. Kampuni nyingi za magari hukataa debiti kabisa. Na kabla ya kusafiri, hakikisha benki imefungua kadi yako kwa matumizi ya nje.

"M-Pesa itanifikisha popote."

Hufika Uganda na Tanzania, ambako unaweza kutuma kwenye laini ya MTN au Vodacom. Kadi ya Visa ya M-Pesa iliyozinduliwa 2022 ni ya kwenye simu tu. Inafaa kulipia vitu mtandaoni, lakini huwezi kuichomeka kwenye ATM. Washa roaming, yaani huduma ya kutumia laini yako ukiwa nje ya nchi, kabla ya kupanda ndege, la sivyo zile namba za uthibitisho za benki hazitakufikia.

Wanaoenda Guangzhou, China, kununua mali waandae Alipay au WeChat Pay, programu za simu za kulipia huko, wakiwa bado Nairobi, kwa pasipoti na kadi ya Visa au Mastercard. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana ada kwa kadi za nje. Yakizidi, hutozwa asilimia 3. Kwa hiyo mzigo mkubwa ulipie kwa njia ya benki.

"Ni kosa kubeba zaidi ya dola 10,000."

Si kosa kuzibeba. Kosa ni kutozitangaza kwa forodha, na sharti hilo lipo Kenya na Marekani. Umoja wa Ulaya unatumia euro 10,000. Beba hati zinazoonyesha zilikotoka.

"Zikibaki nitazibadilisha Nairobi."

Noti za dola, euro na paundi, ndiyo, ingawa utapata bei ya kununua, iliyo chini ya ile uliyolipa. Lira ya Uturuki au baht ya Thailand zitakupa shida, na sarafu za chuma hazichukuliwi. Zimalize kwenye bili ya mwisho ya hoteli, kisha kinachopungua ulipe kwa kadi.