Tundu la moyo kwa mtoto anayeishi milimani

Wazazi wanaotoka Kabale, Kisoro au Kapchorwa, sehemu za milimani nchini Uganda, huuliza kama milima ndiyo iliyomtoboa mtoto wao moyo. Kwa kawaida sivyo. Moyo hujengeka katika wiki nane za mwanzo za mimba, na mara nyingi kasoro hutokea hapo bila mama kufanya kosa lolote. Duniani, takriban mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo.

Mwinuko huanza kuwa na uzito mtoto akishazaliwa. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Kampala takriban 1,200. Ukilinganisha na Mombasa, kila pumzi ya Kabale ina oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano. Mtoto mwenye afya huzoea. Lakini mishipa ya mapafu hujikaza oksijeni inapopungua, na hapo ndipo shida ya mtoto mwenye kasoro ya moyo ilipo.

Tumboni, mrija mdogo huipitisha damu kando ya mapafu, kwa kuwa mtoto bado hapumui. Akizaliwa, oksijeni huufanya ufunge, aghalabu ndani ya siku chache. Kwenye nyanda za juu sana, kama Tibet na milima ya Peru, watoto ambao mrija huo umebaki wazi ni wengi zaidi. Kabale haifikii urefu huo, na mzazi wa huko asitishike.

Linalonihangaisha zaidi ni tundu kubwa kati ya vyumba vya chini vya moyo. Kwa kawaida, wiki chache baada ya kuzaliwa, mishipa ya mapafu hulegea, damu nyingi huingia mapafuni, na mtoto huanza kuhema, kutoka jasho akinyonya na kutoongezeka uzito. Juu sana milimani mishipa huchelewa kulegea. Dalili hufifia, mzazi hufarijika, kumbe shinikizo linaendelea kuiharibu mishipa. Ikishakuwa migumu kabisa, kuziba tundu huwa hatari na huenda upasuaji usiwezekane tena. Watoto wenye ugonjwa wa Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri ukuaji wa akili na mwili, hufikia hali hiyo mapema kuliko wengine, kwa hiyo kila mmoja wao apimwe moyo hata kama anacheza vizuri.

Asubuhi za Kigezi, eneo la Kabale na Kisoro, zina baridi, na mtoto akiwa na rangi ya bluu watu husema ni baridi tu. Mtazame ulimi na fizi. Baridi huweza kubadilisha rangi ya viganja na nyayo. Ulimi wa bluu ni jambo la kwenda hospitali siku hiyohiyo. Na tafadhali, sigiri ya kuota isiwekwe ndani anapolala mtoto, maana moshi wake humpunguzia oksijeni zaidi.

Usihamishe familia bondeni kabla mtoto hajapimwa oksijeni kwa kile kifaa cha kubana kidole na kufanyiwa picha ya moyo. Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago, huwatibu watoto hawa. Mkifika, mwambieni daktari mnaishi wapi, na kama mtoto atarudi huko baada ya upasuaji, kwani jibu hilo linaweza kubadilisha ratiba ya matibabu.