Si kila kilemba kilichorwa Istanbul

Hizi ni dhana potofu kuhusu picha za watu wa Mashariki zilizochorwa na wasanii wa Ulaya wa karne ya 18.

Dhana: Aliyewachora Wachina alifika China.
Mchoraji Mfaransa François Boucher hakuwahi kukanyaga huko. Mwaka 1742 alionesha Paris vielelezo vinane vya mandhari ya Kichina, vilivyokusudiwa mazulia ya ukutani ya kiwanda cha Beauvais. Uchina wake aliuokota kwenye vyombo vya kaure na picha za vitabu vya safari vya Waholanzi. Seti moja ya mazulia hayo ilipelekwa kwa mfalme Qianlong miaka ya 1760, yaani Wachina wakatumiwa China isiyo yao.

Dhana: Vazi ni ushahidi wa mvaaji.
Hapa ndipo wengi hukwama. Kwenye kanivali ya Roma ya mwaka 1748, wanafunzi wa chuo cha sanaa cha Ufaransa walijivika kama msafara wa sultani kwenda Makka, na mwenzao Joseph-Marie Vien akawachora. Mufti wake ni Mfaransa. Chuo hicho hakikuwa na wanafunzi wa kike, kwa hiyo hata masultana ni vijana wa kiume.

Dhana: Asiyesafiri hakuona kitu.
Mwaka 1715 ujumbe wa Uajemi ulioongozwa na Mohammad Reza Beg ulifika Ufaransa. Mchoraji Antoine Watteau aliwachora Waajemi hao papo hapo Paris, kwa chaki nyekundu na nyeusi. Nyuso hizo ni za watu halisi.

Waliosafiri nao walikuwepo. Mchoraji Jean-Baptiste Vanmour aliishi Istanbul tangu 1699 hadi alipofariki 1737. Picha zake zilichongwa kwenye mabamba ya shaba, zikatoka Paris mwaka 1714 kama mkusanyo wa kurasa mia moja, na waliobaki nyumbani wakanakili humo kwa miongo.

Nakala ya namna hiyo huweza kujisaliti. Picha ikichapwa kutoka kwenye bamba hugeuka, kulia kukawa kushoto, mchongaji asipoigeuza kwanza. Tazama upanga: anayetumia mkono wa kulia huufunga kiunoni upande wa kushoto. Ukiukuta kulia, na mwandishi aliye pichani ameshika kalamu kwa mkono wa kushoto, shuku kuwa picha imenakiliwa kutoka kwenye chapa. Lakini usikimbilie kuhukumu. Wachoraji wenyewe walibandika karatasi yenye unyevu juu ya mchoro wa chaki nyekundu na kuikandamiza ili wapate nakala ya pili. Nayo hugeuka, ila mistari yake huwa hafifu na laini, na mara nyingi mchoraji huipitia tena kwa chaki.

Dhana: Rangi ya maji ya kahawia ni kazi ya brashi.
Mchoraji Jean-Baptiste Le Prince, aliyerudi kutoka Urusi mwaka 1763, alianza mnamo 1768 kuchapa kwa akwatinta, yaani kwa bamba la shaba lililonyunyiziwa utomvu kisha kuliwa na asidi, ili kuiga rangi hiyo hiyo. Chukua kioo cha kukuzia. Brashi huacha ukingo mweusi pale maji yalipokaukia. Akwatinta huonesha chembechembe nyeupe zilizozungukwa na wino, mahali utomvu ulipoizuia asidi isile shaba. Chunguza pia pembeni mwa picha: karatasi ya chapa huwa na bonde la mstari ulioachwa na bamba, isipokuwa kama kingo zimekatwa, na wauzaji wa zamani walipenda mno mkasi.