Je, Wajua Kwa Nini Klova Huilisha Bustani Baada ya Kufyekwa?

Chimbua shina moja la klova, mmea mdogo wa jamii ya mikunde wenye majani matatu matatu, lililokaribia kuchanua, uling'oe pamoja na bonge la udongo wake. Usilikung'ute. Litumbukize kwenye ndoo ya maji na uache udongo ujiachie wenyewe. Utaona mizizi imejaa vinundu, vingine kama kichwa cha pini, vingine kama chenga za mchele. Chukua kimoja ukipasue kwa ukucha. Ndani kina rangi ya waridi, wakati mwingine nyekundu kabisa.

Wanaouliza kwa nini mtu apande kwenye bustani ya mboga mmea ambao hatauvuna, jibu lao limo ndani ya kinundu hicho.

Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, na naitrojeni ndiyo inayoyapa majani ya mboga ukijani na unene. Lakini mboga haiwezi kuichota hewani, maana atomi zake hutembea mbili mbili zikiwa zimeshikana kwa nguvu mno. Viwanda vya mbolea huzitenganisha kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 na mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida zaidi ya mara mia moja. Ndani ya kinundu cha klova, bakteria waitwao rizobia hufanya kazi hiyo hiyo kimya kimya, katika ubaridi wa udongo. Klova huwalisha sukari, nao huilipa naitrojeni.

Na ile rangi? Kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia huharibika kikiguswa na oksijeni, ilhali bakteria wenyewe wanaihitaji ili wapumue. Kwa hiyo kinundu hutengeneza protini ya kuishika oksijeni na kuwagawia bakteria kwa kipimo kidogo kidogo. Protini hiyo ni ndugu wa ile inayoifanya damu yetu iwe nyekundu. Kila ninapoliwaza jambo hili hunisisimua: mmea wa bustanini una kitu cha jamii ya damu mizizini! Kinundu chenye wekundu ndani kiko kazini. Cha kijani au kijivu kimeshachoka.

Kwamba mimea ya jamii ya mikunde hurutubisha shamba, wakulima walikuwa wakilijua kwa karne nyingi. Sababu yake ilielezwa mwaka 1886 na Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akafanikiwa kuwatenga bakteria wenyewe.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wakisikia klova inavuna naitrojeni, hudhani kwamba inaimwaga udongoni hapo hapo kwa faida ya majirani. Wanapanda nyanya katikati ya klova, kisha wanashangaa nyanya zimedumaa. Klova iliyo hai huitumia naitrojeni yake yenyewe: inajenga majani, mashina na mizizi yake. Inayovuja ni kidogo tu, pale kipande cha mzizi au kinundu kinapokufa. Isitoshe, klova hunywa maji yale yale ambayo nyanya inayatafuta. Ikiwa hai, kazi yake ni nyingine, nayo si ndogo: hukinga udongo na matone ya mvua yanayoupondaponda, na huyanyima magugu mwanga. Chakula cha mboga hupatikana inapofyekwa ikaoza.

Kwa hiyo siku ya kufyeka ni muhimu kama siku ya kupanda. Mimi nasema fyeka maua yanapoanza kufunguka. Ukiwahi sana, majani bado ni machache. Ukichelewa, naitrojeni inahamia kwenye mbegu, na mashina yanakuwa makavu na magumu. Majani laini huoza upesi na kuachia naitrojeni yake. Mashina makavu huoza polepole, na vijidudu vinavyoyaozesha huweza kukopa naitrojeni ya udongoni, mboga zikabaki na njaa kwa muda. Ukishaifukia udongoni klova uliyoifyeka, subiri wiki 2 hadi 3 kabla ya kupanda mboga. Mbegu ndogo kama za karoti zikipandwa mapema huozeshwa na kuvu wanaosherehekea majani mabichi. Miche iliyokomaa kitaluni huvumilia zaidi.

Chagua aina kwa uangalifu. Ile ya msimu mmoja, yenye maua ya rangi ya damu yaliyochongoka kuelekea juu, wataalamu huiita Trifolium incarnatum. Ukiifyeka ikiwa imechanua, kwa kawaida haichipui tena, kwa hiyo kwenye tuta la mboga ndiyo ningeianza. Klova nyeupe ni ya kudumu na hutambaa. Kipande cha shina kikibaki ardhini hutoa mizizi na kuendelea na safari.

Mbegu za klova ni ndogo ajabu, hivyo changanya na mchanga mkavu ili zisimwagike mahali pamoja, kisha zifukie kwa nusu sentimita tu. Usiweke mbolea ya naitrojeni: klova ikiikuta tayari udongoni huichukua hiyo, na vinundu huwa vichache. Na kama klova haijawahi kuota hapo, tafuta mbegu zilizopakwa rizobia wa klova. Wale wa maharage hawafai, kila kundi lina bakteria wake.

Klova nyeupe nayo ina mahali pake, kwenye vijia vya kati ya matuta. Huvumilia kukanyagwa, na kila ikifyekwa huchipua upya. Majani uliyoyafyeka yatandaze juu ya tuta, kuzunguka mashina ya mboga. Naitrojeni iliyovunwa njiani inaozea pale pale kabichi inapoihitaji, na baada ya wiki chache kijia kiko tayari kufyekwa tena.