Mchunga wa Barabarani: Hatujaupiga Marufuku

Masika yakishika, kingo za barabara zetu Dar es Salaam hujaa maua madogo ya njano. Huo ni mchunga, mboga ya wenyeji wa Pwani tangu enzi za mababu. Jani likikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Mpishi humwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, kisha huunga kwa nazi. Maji ya majani na mizizi hunywewa kwa homa, minyoo na, siku hizi, kisukari.

Sisi maafisa afya tunaulizwa kila siku kama tumeupiga marufuku. Hapana. Tulichosema ni kwamba usichumwe kando ya barabara kuu wala kwenye mitaro ya maji taka. Petroli yenye risasi, yaani madini yenye sumu yaliyotoka na moshi wa magari, iliondolewa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, lakini madini hayo hayaozi, yamo udongoni bado. Kuosha huondoa vumbi. Kuchemsha hakuondoi risasi, na tumechoka kujibiwa kwamba moto unaua kila kitu. Moto huua vijidudu. Risasi si kijidudu. Huharibu ubongo wa mtoto taratibu, bila homa wala kikohozi cha kumshtua mzazi.

Juzi nilimkuta mama mmoja akichuma hatua tatu tu kutoka kwenye lami, mjukuu mgongoni. Nilipomweleza, akasema, "Mwanangu, mvua si imeshauosha?" Mama, mvua hiyo ndiyo inayosomba uchafu wa lami na kuuteremsha hapo.

Kwa wanaouza mchunga kwenye chupa kama dawa: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya 2002 inamtaka mganga asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Anzia serikali ya mtaa, kisha kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako, naye atakuongoza kupeleka maombi Barazani. Dawa nayo husajiliwa peke yake, baada ya kupimwa usalama wake maabara. Usajili wa mganga si usajili wa dawa. Tangazo, hata la spika sokoni, linahitaji kibali cha Baraza. Anayekiuka hushtakiwa.

Mwenye homa apime malaria kwanza. Anayemeza vidonge vya kisukari amwambie daktari kabla ya kunywa mchunga, sukari isije ikashuka kupita kiasi.

Yule mama nilimpa vipande vitatu vya mizizi kutoka bustani yetu, avipande kwenye kiroba chenye udongo safi na samadi iliyooza.